Kutoka Likoni hadi Shimoni kwa baiskeli: mwongozo wa siku tatu

Mara ya kwanza nilipojaribu kwenda Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, kwa baiskeli nilichagua mwezi wa saba, kwa kuwa jua si kali. Hesabu ilikaa vizuri kwenye karatasi: kutoka Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, ni kilomita 75 hadi 80 hivi, nikitoka alfajiri nitakuwa nimefika kabla ya alasiri. Nilipofika Tiwi miguu ilikuwa imekwisha. Mzee aliyekuwa akiuza madafu kando ya barabara alinitazama nikihema, akachanja dafu la pili bila kuulizwa, akasema, "Mwanangu, hii ni kusi. Wenda wapi na upepo huu?" Nililala Ukunda, na asubuhi nikarudi Mombasa. Kurudi kulikuwa kama kusukumwa mgongoni na mtu.

Tangu siku hiyo sianzi na ramani. Naanza na upepo, kisha maji ya bahari, kisha ndiyo baiskeli.

Upepo na mwezi

Barabara ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga, mpakani na Tanzania, inaelekea kusini-magharibi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, kwa hiyo ukishuka Shimoni majira hayo upepo unakupiga mgongoni karibu njia nzima. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia Aprili mpaka Septemba au Oktoba, na Juni hadi Agosti ndipo kinapokaza. Wenye majahazi walilijua hili kwa karne nyingi: walikuja pwani yetu na kaskazi, wakaondoka na kusi. Mwendesha baiskeli naye ana tanga, nalo ni kifua chake.

Basi kama likizo yako imeangukia Agosti, usiiache safari. Igeuze. Pandisha baiskeli juu ya matatu Likoni, teremka Shimoni au Lunga Lunga, kisha rudi ukiendesha. Kila nitakachoeleza hapa utakisoma kinyumenyume.

Miezi ninayoipenda mimi ni Januari na nusu ya kwanza ya Februari. Mwisho wa Februari na Machi joto ni kali mno, hewa imesimama na lami inawaka. Aprili na Mei ni masika. Mvua ikishuka hasa, njia za udongo za vijijini hugeuka uji na barabara kuu hujaa vidimbwi vinavyoficha mashimo. Mvua za vuli za Oktoba na Novemba hazisumbui sana, mara nyingi hunyesha zikapita.

Sasa maji. Yakijaa na kupwa siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti katika pwani ya Mombasa hupita mita 3. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, kisha kila siku husogea mbele kama dakika 50. Kwa mtu wa baiskeli hii ni zawadi: mchanga wa Diani na Galu unabaki mgumu kama sakafu saa ambayo bado una nguvu. Siku za maji mafu mambo ni tofauti, maji hayatoki sana na mchanga mzuri ni mwembamba. Kwa hiyo tazama mwezi, hesabu, panga siku ya kuanza iwe moja au mbili kabla ya mwezi mpevu. Mvuvi yeyote atakuambia saa za maji kwa usahihi kuliko simu yako.

Baiskeli

Hakuna haja ya baiskeli ya bei. Nimewaona watu wakibeba magunia mawili ya makaa kwa mamba kuukuu, zile baiskeli nzito za chuma, kwenye njia hii hii, nao wananipita mlimani. Kinachotakiwa ni tairi pana kiasi, breki mbili zinazoshika, na keria imara nyuma. Mimi natumia baiskeli ya tairi za inchi 26, kwa sababu moja tu: tyubu zake zinapatikana kwa mafundi wengi mpaka senta ndogo. Tyubu za inchi 28 za mamba vilevile. Wenye baiskeli za mashindano, zenye matairi membamba na valvu nyembamba, wabebe tyubu zao wenyewe, tatu si nyingi, na pampu inayoingia kwenye valvu hizo. Fundi wa kijijini atakuziba pancha vizuri sana, lakini hawezi kukuumbia valvu.

Wiki moja kabla, mpelekee fundi. Mwambie mambo manne: anyooshe rimu ya nyuma na kukaza spoku, maana ndiyo itakayobeba mzigo, abadilishe nyaya za breki kama zimeota kutu, apime cheni kama imelegea, na akaze keria kwa nati zenye washa. Kisha wewe mwenyewe iendeshe kilomita 20 ukiwa na mzigo wote. Usiruke hatua hii. Kelele ambazo hukuzisikia nyumbani utazisikia hapo.

Urefu wa kiti watu hawauangalii, halafu wanalalamika magoti. Keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke kamili. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Hapo sawa.

Mzigo

Kilo 8 mpaka 10, zisizidi, na zote ziwe kwenye keria au mifuko ya pembeni. Begi la mgongoni kwa joto la pwani ni adhabu. Vitu vizito viwe chini.

Beba tyubu mbili, viraka na gundi yake (ifungue uhakikishe haijakauka), vyuma vitatu vya kutolea tairi, pampu, spana inayolingana na nati za magurudumu kama huna za kufungua kwa mkono, kipande cha waya, mpira wa kufungia mizigo, na kichupa cha mafuta ya cheni. Taa ya nyuma inayomweka, hata kama huna nia ya kuendesha usiku. Fulana ya rangi kali ya kiakisi mwanga. Kofia ngumu. Chandarua kidogo, maana mbu wa mikokoni hawana aibu.

Na kikoi. Kikoi kimoja ni taulo, shuka, kivuli, na heshima: ukisimama kijijini ukiwa na kaptura, unajifunga kikoi kabla ya kwenda kununua maji. Vijiji vingi vya njia hii ni vya Waislamu, na ukiingia na mapaja nje hakuna atakayekufukuza, ila mazungumzo yatakuwa mafupi. Wanawake wana leso, na leso hufanya kazi hizo zote na nyingine zaidi.

Maji ni lita 3 kwa mtu mmoja, na ujaze kila unapopata nafasi. Visima vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi. Ya kuogea yanafaa, ya kunywa nunua. Ukitoka jasho mpaka fulana ikaacha mistari myeupe, maji matupu hayatoshi. Dafu linasaidia sana, na pasipo na dafu changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ni kile kile wanachopewa watoto wanaoharisha.

Siku ya kwanza: feri, Tiwi, Diani (kama kilomita 35)

Fika feri saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo umati wa Likoni unaingia kisiwani kufanya kazi, wewe unatoka. Feri ya kwenda ng'ambo ina nafasi. Jioni hali hugeuka, na kukokota baiskeli yenye mizigo katikati ya watu wanaokimbilia nyumbani ni kujitafutia maneno. Shuka kwenye baiskeli kabla ya kufika mteremko wa kuingilia, ukokote, shika breki. Chuma cha ngazi ya feri kikiwa na maji huteleza. Ukiwa ndani simama pembeni, si mbele ya magari. Ukitoka, acha magari na pikipiki zote ziondoke kwanza. Dakika tatu za subira hapo zinakuondolea nusu ya hatari ya siku nzima.

Kutoka Likoni hadi Ng'ombeni ndiyo sehemu mbaya ya safari, niseme wazi. Matatu husimama bila kukujulisha, tuk-tuk hukata mbele yako, na kingo za lami zimeliwa. Usijibanze ukingoni kabisa. Ukijibanza, dereva anadhani una nafasi ya kukwepa na anakupita kwa kukugusa. Kaa kama nusu mita hadi mita moja kutoka ukingo, endesha kwa mstari ulionyooka, na ukisikia lori nyuma na jingine linakuja mbele, teremka mchangani mapema. Usishindane. Kibundani, barabara ya Dongo Kundu inaingia kutoka kulia na kuleta malori. Hapo tazama nyuma kabla ya kila jambo.

Baada ya hapo mambo yanatulia. Minazi, mikorosho, miembe, vijumba vya makuti, wanafunzi wakipiga kelele za kukushindanisha. Kuna vilima vidogo vya kupanda na kushuka, hakuna cha kutisha. Kunywa chai Waa au Kombani panapopinda njia ya Kwale: mahamri na mbaazi, na usione haya kuomba sahani ya pili. Mbaazi za nazi zinakaa tumboni muda mrefu kuliko mkate.

Ukifika Tiwi una uamuzi. Njia nyepesi ni kubaki barabara kuu mpaka Ukunda, kisha kushoto kwenda Diani. Njia nzuri ni kushuka ufuoni ukauone Msikiti wa Kongo, msikiti wa mawe wa zamani sana uliokaa kwenye mibuyu mahali Mto Mwachema unapoingia baharini. Maji yakiwa yamepwa, mto huvukika kwa miguu, baiskeli begani. Yakiwa yanajaa usijaribu, mkondo wake una nguvu kuliko unavyoonekana. Na usipite ufuo huo peke yako palipo kimya; omba kijana wa kijijini akusindikize, umpe chake. Ukitaka kuusogelea msikiti, bado watu wanaswali humo: vua viatu, jifunge kikoi, salimia.

Diani sitaisifu, imeshasifiwa vya kutosha. Nitasema mawili. Juu ya barabara ya hoteli utaona ngazi za kamba zimetundikwa mti kwa mti. Ni za mbega, wavuke bila kukanyagwa na magari. Na nyani na tumbili wa huko wanajua zipu. Mkate ulioachwa kwenye keria dakika mbili si wako tena.

Lala Diani au Galu. Nyumba za wageni za bei ya kawaida ziko upande wa Ukunda, mbali kidogo na bahari. Kubali tu kama wanakuruhusu kuingiza baiskeli chumbani au mahali pa kufungwa kwa kufuli.

Siku ya pili: mchanga, kaya na mikoko (kama kilomita 30)

Hii ndiyo siku yenyewe. Usiiharakishe.

Kama umepanga bamvua, ngoja mpaka saa tatu hivi maji yawe yametoka, kisha teremka ufuoni. Punguza upepo wa tairi, kiasi cha kubonyea kidogo ukikandamiza kwa kidole gumba. Tafuta mchanga wa rangi ya kahawia ulio na unyevu bila maji kusimama juu yake. Mweupe na mkavu utakuzamisha, na ule unaong'aa kama kioo nao ni laini. Kanyaga kwa gia nyepesi, usikate kona ghafla, na usipite ndani ya maji hata kama picha inapendeza. Chumvi ikiingia kwenye mhimili na cheni, hesabu siku. Mimi niliwahi kucheza na mawimbi Galu asubuhi moja, nikalala bila kuosha. Keshoye cheni ilikuwa ya rangi ya chungwa na ililia mpaka Gazi kama paka aliyefungiwa.

Mwisho wa Galu panda juu, jaza upepo, uingie Kinondo. Kaya Kinondo ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, na wenyewe ni Wadigo. Huingii bila mwongozaji wa pale, unalipa kiingilio, na unafungwa kaniki kiunoni. Hakuna kuokota hata jani. Usichukulie masharti hayo kuwa maonyesho ya watalii. Msitu umesimama mpaka leo kwa sababu ya masharti hayo, wakati pembeni yake ufuo mzima umekatwa viwanja. Baiskeli iache langoni.

Toka Kinondo kwa njia ya udongo kupitia Mwabungo, urudi barabara kuu. Uliza mara mbili, watu wawili tofauti, na usiulize "Ni mbali?" Jibu ni "Hapo tu" siku zote. Uliza mtu akienda kwa miguu anatumia saa ngapi, ugawe kwa tatu.

Gazi iko kushoto mwa barabara, kijiji cha wavuvi kwenye ghuba. Hapa ndipo Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui alipokuwa na makao yake; mwaka 1895 ukoo wake wa Mazrui uliingia vitani na Waingereza, na mwaka uliofuata yeye akakimbilia upande wa Wajerumani. Siku hizi Gazi inajulikana kwa mikoko. Akina mama wa kijiji wana njia ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya miti, nao watakutajia mkoko, mchu, muia, mkandaa na mlilana, kila mmoja na kazi yake, huu wa boriti, ule wa mashua, huu wa kuni. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, na pesa zake huenda kwenye maji na shule za kijiji. Waagize chakula mapema, ukifika waanze kupika: wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kula, lala kidogo chini ya mwembe mpaka saa tisa. Kuendesha kati ya saa sita na saa tisa ni ukaidi tu.

Jioni ni mwendo mfupi kwenda Msambweni, ambako kuna vyumba vya kulala, soko, mafundi, na hospitali kubwa ya kaunti, hilo la mwisho zuri kulijua.

Siku ya tatu: miwa na Shimoni (kama kilomita 30 hadi 35)

Ondoka kukiwa na mwanga wa kwanza. Magari hapa ni machache, na yaliyopo yanakwenda kasi kwa sababu hiyo hiyo. Utashuka daraja la Mto Ramisi, halafu mashamba ya miwa. Ramisi ilikuwa na kiwanda cha sukari kilichokufa miaka ya 1980, na wazee bado wanapima muda kwa "kabla kiwanda hakijafungwa". Miwa imerudi tangu hapo. Wakati wa kuvuna jihadhari na matrekta yenye matela; yanayumba, na miwa inayodondoka barabarani huangusha baiskeli vizuri sana.

Kanana ndipo unapoiacha barabara kuu na kukata kushoto. Jaza maji hapo. Kilomita kama 14 zinazofuata ni vichaka, mibuyu, mbuzi, na harufu ya bahari inayokuja kabla ya bahari yenyewe. Miiba ya vichaka ndiyo adui: usiegemeze baiskeli kichakani, na ukisimama pitisha macho kwenye tairi zote mbili. Mwiba ukitolewa mapema hauna madhara, ukiachwa uzunguke mara mia unafika kwenye tyubu.

Shimoni imepata jina kwa mapango yake. Kijiji kinayatunza na mwongozaji atakueleza watumwa walivyozuiliwa humo; ingia taratibu, na usipige kelele za kusikiliza mwangwi. Jirani kuna mabaki ya majumba ya siku ambazo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa hapa. Mbele ya gati ni Kisiwa cha Wasini, hakina gari hata moja, na nyuma yake Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti yenye matumbawe na pomboo. Baiskeli haina kazi huko. Iombee mahali pa kulala, uvuke kwa mashua. Sikiliza wenyeji wakizungumza Kivumba, utajua Kiswahili ni kipana.

Ijumaa mchana maduka mengi ya njia nzima hufungwa kwa swala, na mwezi wa Ramadhani mikahawa hulala mpaka Magharibi. Hali hiyo ukiijua unabeba tende na karanga, na unakula faraghani.

Kurudi

Usirudi kwa pedali dhidi ya kaskazi, isipokuwa umekosana na mtu nyumbani. Panda matatu ya Likoni. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa juu, vua mikoba yote uingie nayo ndani, geuza baiskeli ilalie upande usio na gia, na uifunge mwenyewe kwa mpira wako badala ya kumwachia utingo. Funga fremu, usifunge gurudumu pekee.

Ukifika nyumbani, kabla hujaoga wewe, ioshe baiskeli: maji baridi ndoo mbili na sabuni kidogo, bila kumwaga maji kwa nguvu kwenye mihimili. Ifute, ianike kivulini, kisha tia mafuta cheni pingili moja moja huku ukizungusha pedali kinyume, ufute yanayozidi kwa kitambaa. Mchanga wa Galu utautoa kwenye madigadi kwa wiki mbili.